Kocha wa Ng'ambo na Watoto wa Makaoni: Mjadala

Hoja: Je, yafaa vijana Wakristo wa nchi za ng'ambo waje pwani ya Kenya kujitolea kuwafundisha michezo watoto wanaolelewa katika makao ya yatima?

MCHUNGAJI: Nitasema wazi tangu mwanzo kwamba mimi ni katika wanaowakaribisha, wala sioni haya kulitamka hilo mbele ya watu wenye elimu, kwa kuwa watoto ninaowazungumzia ninawajua kwa majina yao, na najua kwamba saa kumi za jioni, wakisha kufua sare zao za shule na kuzianika uani, hawana mtu mzima wa kuwashughulikia ila mlezi mmoja ambaye wakati huohuo ana sufuria ya maharagwe motoni na mtoto mchanga mgongoni. Akija kijana kutoka Marekani au Uingereza, ambaye ameiacha likizo yake, amechangiwa nauli na waumini wa kanisa lake, ameleta mipira na koni na filimbi, na akawapa watoto hao saa mbili za kukimbia na kucheka, basi mwenye insafu na aniambie: amewadhulumu nini?

AFISA WA WATOTO: Hakuna aliyemwita dhalimu, Baba Mchungaji, na wengi wao nimewaona kuwa watu wa adabu na huruma. Walakini wewe umeanza kisa jioni, mtoto akiwa tayari yumo makaoni, ilhali mimi kazi yangu hunilazimu kukianza asubuhi, siku ile alipochukuliwa kwao. Wengi wa watoto hawa wana mama, au baba, au bibi, au shangazi aliye hai, ambaye kilichomshinda ni karo na unga, si mapenzi. Ndiyo sababu serikali yetu ikasitisha usajili wa makao mapya mwaka 2017, na ndiyo sababu Sheria ya Watoto ya 2022, pamoja na mkakati wa taifa wa miaka kumi unaokwisha 2032, vikaelekeza kwamba mtoto alelewe na jamaa zake au na familia nyingine, na makao yawe kimbilio la mwisho na la muda. Sasa kila mgeni anayekuja na mipira huwa ameyapa makao sababu moja zaidi ya kubaki yamejaa.

MCHUNGAJI: Bibi Afisa, unazungumza na mtu ambaye asingekuwapo lau watu wa zamani wangelifuata shauri lako. Mimi ni mjukuu wa Freretown. Mababu zangu walishushwa kutoka majahazini na manowari za Kiingereza, wakakabidhiwa wamisionari wa Kianglikana wa CMS pale Kisauni, penye kengele hata leo, mji ule ukiwa umeanzishwa 1875 kwa ajili ya watu kama wao. Na kabla ya hapo, Unguja, mwaka 1864, Askofu Tozer alipokea kutoka kwa Sultani watoto watano wanaume waliokamatwa katika jahazi la watumwa, na kutoka mbegu hiyo ikaota shule ya Kiungani, ambako watoto waliookolewa walisoma vitabu na pia wakacheza kandanda na kriketi na walimu wao wazungu. Ukisema mgeni Mkristo mwenye mpira ni bidaa ya zama hizi za ndege, historia ya pwani yenyewe yakukanusha.

AFISA WA WATOTO: Sikukanusha historia, na ya kwenu naiheshimu. Lakini mababu zako walitoka nchi za Wayao na Wanyasa, vijiji vyao vimechomwa moto, njia ya kurudi ni miezi kadha kwa miguu nayo imejaa wauzaji wa watu, na wengine walichukuliwa wadogo hata hawakuweza kulitaja jina la mto wa kwao. Misheni ililea wasiorudishika. Mtoto wa Ganze aliye katika makao ya Mtwapa anarudishika kwa matatu, akaondoka asubuhi na mchana akala kwao. Wewe wamkisia huyu kwa yule, na hapo ndipo nakukatalia. Zaidi ya hayo, hao wa Freretown ambao unajifakhiri nao walipewa majina mapya na dini mpya na lugha mpya; wazee wenu wenyewe hawakuacha kuuliza walikuwa nani hapo kabla.

KOCHA WA MTAA: Mniwie radhi nikiwateremsha kutoka huko juu mliko, kwa maana mimi sina Freretown wala sheria, nina uwanja wa mchanga wenye milingoti ya mikoko, na nina watoto arubaini na ushei, nusu yao wa makaoni na nusu wa mtaani, ambao nawafundisha siku tatu kwa juma bila ya mshahara. Wageni huja Juni na Julai. Kwa nini Juni? Kwa sababu ndipo shule za kwao hufungwa. Lakini huku sisi muhula wa pili ndio umekolea, na mtoto wa darasa la sita huombewa ruhusa shuleni ili mgeni aliyesafiri bahari mbili asikute uwanja mtupu. Na siku mgeni anapofika, ratiba yangu hukunjwa. Mlinda lango niliyemfundisha miezi minne jinsi ya kuuangukia mpira wa chini bila ya kuumia kiwiko, huwekwa acheze mbele, maana mgeni hamjui, na yeye mtoto hawezi kukataa. Nami husimama pembeni nikiokota koni. Mwisho wa majuma mawili zinapigwa picha, viatu vinagawiwa, na viatu hivyo, mimi nawaambia ukweli, wa makaoni hupata na wa mtaani hukosa, kisha wageni wanaondoka na mimi nabaki na timu moja iliyokwisha kuwa mbili.

MCHUNGAJI: Hilo la Juni sikupata kulifikiri, nakiri. Hilo la viatu ni kosa letu sisi wenyeji tuliogawa. Lakini usiufanye udhaifu wa mpangilio kuwa hukumu juu ya jambo lenyewe, bwana kocha. Nani asiyemjua Brother Colm O'Connell, bradha wa Kikatoliki kutoka Ireland, aliyefika katika shule ya St Patrick's, Iten, mwaka 1976, akiwa mwalimu wa jiografia asiyepata kufundisha riadha maishani mwake, naye ndiye aliyekuja kuwa mwalimu wa David Rudisha, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 800 kule London 2012? Mgeni yule, Mkristo yule, wa kujitolea yule, angalizuiwa uwanjani kwa sababu hana cheti cha ukocha, Kenya ingalipoteza kiasi gani?

KOCHA WA MTAA: Huyo ni shahidi wangu mimi, Baba Mchungaji, si wako. Alikuja kwa muda mfupi akakaa maisha. Hakujua kitu, kweli, na kwa kuwa hakujua alijifunza kwa kuwatazama watoto wa Iten wakikimbia mwaka baada ya mwaka, akawafundisha Wakenya wengine ukocha, akawajua baba zao na mama zao. Tena wanafunzi wake walikuwa na kwao. Shule ilipofungwa walikwenda kwa wazazi. Nitajie na yule Mkanada aliyeanzisha chama cha michezo cha vijana wa Mathare, MYSA, mwaka 1987, nami nitampokea kwa mikono miwili, kwa sababu aliwaachia vijana wa Mathare wenyewe wawe makocha na waamuzi na viongozi, hata timu zikawa zinapata pointi za ligi kwa kuzoa taka za mtaa wao. Mgeni wa namna hiyo sina ugomvi naye. Ninayemlalamikia ni yule ambaye kabla sijalizoea jina lake amekwisha kuniaga.

(Hapa mwandishi aomba ruhusa ya neno moja. Katika mabishano ya jambo hili aghalabu kila upande huleta mfano wa Iten, na kila upande huuleta kwa yakini kwamba mwingine ameshindwa; nami nadhani sababu ni kwamba tunabishana juu ya wema wa mtu, hali kinachotofautiana ni urefu wa kukaa kwake. Turudi kwa wasemaji.)

ALIYELELEWA MAKAONI: Nimewasikiliza wazee wangu, na kila mmoja amenena juu yangu. Niliingia makaoni na miaka sita, nikatoka na kumi na nane. Mama yangu alikuwa hai Ganze miaka yote hiyo. Alikuwa mjane, ameambiwa kwamba nitasomeshwa na nitakula mara tatu, na alipokuja kunitazama mara ya kwanza akashauriwa asije mara nyingi, kwa kuwa mtoto hulia mama akishakwenda zake. Mbele ya wageni nilikuwa yatima. Hakuna aliyenifundisha kusema uongo, ila hakuna aliyeniuliza. Makocha niliowapata, mimi siwezi kusema nawachukia. Mmoja, mwanamke, ndiye aliyenifundisha kupiga mpira kwa mguu wa kushoto, akiniwekea koni na kunihesabia kwa Kiswahili kibovu hata nikacheka, na mguu huo ndio ulionipatia nafasi katika timu ya shule ya sekondari. Siku aliyoondoka nilijifungia chooni. Mwaka uliofuata alipokuja mwingine sikumkaribia mpaka siku ya pili, wa baada yake sikumjali, na baada ya hapo nikajua kazi yangu: kumrukia mgeni shingoni siku ya kwanza, maana anayeruka ndiye anayepewa fulana. Walezi walitusifu kwamba sisi ni watoto wachangamfu.

MCHUNGAJI: Mwanangu, maneno yako yananiingia, wala sitayajibu kwa hoja. Nakuuliza tu kama baba: karo ya sekondari hiyo ililipwa na nani?

ALIYELELEWA MAKAONI: Na kanisa la yule mwanamke, baba. Sikusahau. Lakini mama naye alikuwa na ndugu zangu wawili waliobaki nyumbani, na hao hawakulipiwa, kwa kuwa walikuwa na mama.

AFISA WA WATOTO: Basi hapo ndipo ulipo msiba wenyewe. Fedha humfuata mtoto aliyetoka kwao, na humkimbia aliyebaki. Nauli peke yake ya mgeni mmoja kutoka Marekani hata Mombasa, kwenda na kurudi, kwa kawaida hupita dola 1000. Mjane wa Ganze angepewa hizo kwa utaratibu, pamoja na mbuzi na karo, pasingekuwa na haja ya kitanda makaoni. Jirani zetu wa Rwanda waliamua mwaka 2012 kuyafunga makao hatua kwa hatua na kuwarudisha watoto katika familia, na hawakuwa na mali kutushinda sisi. Azimio la Umoja wa Mataifa la mwisho wa 2019 limezitaka serikali zizuie madhara yatokanayo na utalii na kujitolea katika makao ya yatima, na Australia, ilipotunga sheria yake juu ya utumwa wa siku hizi mwaka 2018, ilitambua kwamba kumtoa mtoto kwao kumpeleka makaoni kwa ajili ya faida ni tawi la biashara ya watu. Tena liko jambo ambalo ningependa nisilitaje mbele ya kijana huyu: mwaka 2016 mahakama ya Oklahoma ilimfunga miaka 40 kijana wa Kimarekani aliyekuwa akija kujitolea katika makao ya watoto karibu na Nairobi, kwa uovu aliowafanyia watoto humo. Alikuja kwa jina la dini, na alipendwa.

MCHUNGAJI: Na waovu wenyeji je? Hawapo? Mimi nimezika siri za majumba yenye baba na mama, Bibi Afisa, ambazo zingekutoa usingizini. Familia si pepo.

AFISA WA WATOTO: Si pepo, nami ndiye ninayeitwa usiku kuwatoa watoto humo. Ila mwenyeji ana jina, ana chifu, ana jamaa wanaojua alikotoka.

KOCHA WA MTAA: Na ana hati. Mimi nilipoomba kazi ya ukocha katika shule moja ya binafsi nilitakiwa cheti cha mwenendo mwema cha polisi, nikatia alama za vidole vyangu vyote kumi, nikalipa, nikangoja. Leseni ya ukocha ya CAF, daraja la D, nimeilipia kwa kuuza simu. Mgeni aliingia kwa ruhusa ya utalii, ingawa idara ya uhamiaji ina kibali chake makhususi kwa kazi za dini na ihsani, na siku hiyohiyo akakabidhiwa ufunguo wa bweni ili akawaamshe watoto kwa mazoezi ya alfajiri. Nami, niliyezaliwa hatua mia kutoka lango hilo, mlinzi hunipekua mfuko.

MCHUNGAJI: Hilo ni aibu, na limekwisha leo. Nasema mbele yenu: asiye na cheti cha polisi wa kwao, na barua ya kanisa lake, na kibali cha nchi yetu, hataingia, na ufunguo wa bweni hatashika mtu yeyote ambaye si mlezi. Mwazidisha nini?

KOCHA WA MTAA: Nazidisha sala.

MCHUNGAJI: Nilijua tutafika.

KOCHA WA MTAA: Nawe wajua kwamba mimi ni Muislamu, na sala yako siioni kuwa najisi, kabla ya mechi nasoma yangu kimyakimya. Neno langu ni hili. Katika watoto wale wako watano au sita ambao baba zao na babu zao ni Waislamu, na kwetu kumtunza yatima ni katika ibada kubwa, Mtume wetu mwenyewe alikuwa yatima, kwa hiyo haukosekani msikiti wa kuuliza habari zao. Mgeni huwakusanya wote duara katikati ya uwanja, hushikana mikono, huomba, kisha hugawa maji na biskuti. Mtoto asiyetaka afanye nini? Atoke duarani, mbele ya wenziwe, mwenye njaa?

MCHUNGAJI: Nami nitakujibu kwa mtu unayemjua, kwa maana kila mpenda riadha amjua. Eric Liddell, Mskoti, mwaka 1924 katika Olimpiki ya Paris alikataa kukimbia mita 100 kwa kuwa mchujo uliangukia siku ya Jumapili, akakimbia mita 400 akatwaa dhahabu, na mwaka uliofuata akaenda China kuwa mwalimu na mmisionari hata akafia huko 1945 katika kambi walimofungiwa raia wa kigeni wakati wa vita, akiwa amewapangia michezo watoto waliofungiwa pamoja naye. Mtu huyo ungemwambia aiache imani yake mlangoni pa uwanja? Mpira wa kikapu wenyewe ulizaliwa 1891 katika shule ya YMCA ya Springfield, kwa akili ya James Naismith, aliyesomea uchungaji. Dini na michezo vimelala kitanda kimoja muda mrefu, na kijana anayekuja kwangu anakuja kwa sababu anaamini. Ukimwondolea imani, umebaki na mtalii mwenye filimbi.

KOCHA WA MTAA: Liddell mzuri, na nakushukuru kwa kumleta. Kilichomfanya mkubwa ni kwamba aliweza kukataa. Wakuu wa timu walimsihi, magazeti yakamsema, na bado aliweza kusema sitakimbia, akaenda zake kanisani, na chakula chake cha jioni kilikuwa palepale. Mpe mtoto wa makaoni uwezo huohuo, nami sitakuwa na la kusema.

ALIYELELEWA MAKAONI: Mimi nilibatizwa na miaka tisa. Nilikuwa nimempenda kocha wa mwaka ule, naye alitaka sana. Leo nasali kanisani kwa hiari yangu, wala sijutii. Mama, nilipomwambia, alinyamaza.

AFISA WA WATOTO: Katiba yetu ya 2010 inampa kila mtu uhuru wa dini, na inamtaka kila mwenye mamlaka atangulize maslahi ya mtoto kuliko kitu kingine. Basi mimi naomba yaandikwe mambo matatu. Kwanza, mgeni akija, aje kumfundisha kocha wa hapa, asishike timu yeye. Na asipungukiwe na muda wa kutosha, ambao kwangu ni mwaka. Pili, mazoezi yafanyike uwanja wa mtaa, kwa watoto wote, si ndani ya ukuta wa makao, ili mtoto akirudishwa kwao asiipoteze timu. Tatu, maji na biskuti vitolewe kabla ya sala, na sala iwe ya wanaobaki.

MCHUNGAJI: La pili nalikubali bila ya shaka. La kwanza nalikubali nusu. Mwaka ni mrefu kwa mwanafunzi wa chuo, wachache ndio wataweza, na sitaki kumfukuza mwenye miezi mitatu ambaye kwa kweli anajua kazi. Biskuti zitangulie, sawa. Lakini sala yenyewe haitatoka katikati ya uwanja kwenda pembeni kama jambo la kuonewa haya; itabaki pale, na asiyeitaka atasimama na kocha wake Muislamu hapo pembeni, wala jina lake halitaandikwa popote.

AFISA WA WATOTO: Na orodha ya watoto wenye wazazi hai?

MCHUNGAJI: Njoo Jumatatu, tutaipitia pamoja, jina kwa jina. Usije na polisi.

AFISA WA WATOTO: Nitakuja na matatu ya Ganze.

KOCHA WA MTAA: Nami nina ombi moja kwa atakayesoma maneno haya akiwa huko ng'ambo, na mkoba wake umekwisha fungwa. Kabla hujakata tiketi, mwandikie kocha wa mahali unapokwenda, umwulize anahitaji nini na lini. Mimi nitakujibu hivi: mazoezi ni Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, saa kumi na nusu za jioni, hata katika miezi ambayo hakuna mgeni, shule hufungwa Agosti, na kocha msaidizi wa kulipwa, mzaliwa wa hapahapa, namtafuta tangu mwaka jana.